Umechorachora Ukuta na Ukuta Umekataa? Anza Hapa

Tangu niweke picha ya sebule yangu kwa stetasi, ule ukuta nimejaza majani, samaki na macho madogo madogo kwa makapeni nyeusi, zile kalamu nene za wino, simu yangu haijapumzika. Majirani hapa Free Area, Nakuru, binamu zangu wa Kakamega, dada yangu Kisumu, wote wananitumia picha za kuta zao wakiuliza mbona yangu imeharibika na yako iko fiti. Na mimi kila mara najibu swali kwa swali: kabla hujachora uliupangusa huo ukuta? Kimya.

Katika picha zote nimetumiwa, mara chache sana shida imekuwa kalamu, na mkono wa mtu haijawahi kuwa shida hata siku moja, maana kuchorachora hakuna kukosea, mduara ukienda upande unauongeza miguu unakuwa kobe. Shida ni ukuta. Kuna jamaa wa Uingereza, Sam Cox, wengi wanamjua kama Mr Doodle, alichorachora nyumba yake nzima kule Kent, ndani na nje, akamaliza 2022, na kazi hiyo ilikunywa lita 900 za rangi nyeupe. Mia tisa. Sisi tunanunua makapeni mbili tukitoka kazini na tunaanza usiku huo huo.

Kwa hivyo kabla hujatafuta shida yako hapa chini, upime ukuta. Pitisha kiganja kikavu, kikitoka cheupe ukuta wako unatoa unga. Weka tone la maji kwa kidole, likinywewa papo hapo hiyo ni rangi ya maji ya bei ya chini na ina njaa, likiteremka kama chozi hiyo ni silki, ile rangi ya maji inayong'aa kidogo, au rangi ya mafuta. Halafu chora laini tatu mahali pa siri, nyuma ya kabati hivi, ngoja hadi asubuhi ndio uzisugue na kidole chenye maji. Ukijua majibu ya hizo tatu, nusu ya maswali mnayoniuliza yameisha.

Makapeni inakauka katikati ya laini

Hii ndiyo naulizwa zaidi, na wa kwanza kulaumiwa huwa ni mwenye duka la vitabu, ati ameuza feki.

Angalia ncha kwanza. Mara nyingi utaona imevaa kaunga keupe, hilo ni vumbi la ukuta limeziba mahali wino unatokea. Nakuru kuanzia Januari mpaka mvua ya Machi ianze, vumbi linaingia hata ukifunga dirisha, na linakaa kwa ukuta bila wewe kuliona. Panguza ncha na kitambaa chenye spiriti kidogo kama ni makapeni ya permanenti, ile ya wino wa spiriti, ama kitambaa cha maji kama ni ile ya akriliki, ambayo ndani ina rangi ya maji, kisha pangusa ukuta wote kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri na uache ukauke. Ukirudi kuchora bila kupangusa ukuta utaziba tena baada ya dakika mbili.

Kama ncha ni safi, angalia umeishika vipi. Wino unateremka, haupandi. Ukichora juu ya kichwa chako na ncha inaangalia dari, wino unarudi nyuma na laini inaanza kukatikakatika. Panda kwa stuli mkono uwe sawa na mchoro, na uwe na makapeni mbili za kupokezana, moja inachora, nyingine imesimama kichwa chini kwa kikombe.

Zile za akriliki zinatikiswa hadi usikie kagololi ndani kakigongagonga, halafu unabonyeza ncha kwa karatasi mara kadhaa. Kwa karatasi, si kwa ukuta. Mimi nilibonyeza kwa ukuta, doa likatoka kubwa kama shilingi kumi, ndio maana kuna kasa kwa sebule yangu ambaye hakuwa kwa mpango.

Sababu ya mwisho ni plasta ngumu inayokula ncha. Kama ukuta wako unakwaruza kiganja, makapeni itachanuka kama mswaki wa zamani. Huyo jamaa wa Kent mwenyewe alimaliza ncha 2,296, kwa hivyo kama umeua tatu usilie. Piga msasa laini, namba 180 kuendelea, panguza, paka koti moja ya rangi, ndio urudi.

Wino unasambaa kama chai kwa tishu

Laini ilikuwa nyembamba, umeenda kukoroga uji ukarudi, imeota manyoya pande zote.

Kawaida ni ukuta wenye njaa, ule uliokunywa tone la maji. Rangi yake haijaziba matundu, kwa hivyo wino wa spiriti unatembea ndani. Dawa si kuchora haraka, ingawa kuchora polepole kunazidisha. Dawa ni kuufunga ukuta, koti mbili nyembamba za silki, ya kwanza ikauke kabisa kabla ya pili, halafu uache siku mbili tatu. Ama ubadilishe kalamu, ile ya akriliki inakaa juu ya ukuta kama rangi, haiingii ndani kama permanenti.

Kama hata akriliki inasambaa basi ukuta una unyevu, ruka moja kwa moja hadi pale kwa rangi inayobambuka, huku utapoteza wakati.

Zile laini zilizoota manyoya tayari usisugue. Zikaushe, uzinenepeshe ziwe kivuli, ama uzizungushie rangi ya ukuta na brashi ndogo ya shule.

Inafutika ukigusa tu

Hapa kuna kisa ambacho kinanichekesha kila mara na kinatokea sana: mtu amenunua makapeni ya bodi nyeupe. Zinafanana, ziko kwa rafu moja, na kwa ukuta wa rangi ya mafuta inachora vizuri kabisa hadi mtoto apite na sweta. Soma ubavuni.

Ikiwa kalamu ni sahihi, sababu ya pili inategemea chumba. Jikoni ni mafuta na moshi. Kama unapika kwa jiko la makaa ama unakaanga samaki kila siku, ukuta umevaa ngozi ambayo huioni, na wino umeshika hiyo ngozi badala ya ukuta. Osha na maji ya moto na sabuni ya vyombo, suuza hadi maji yasibadilike rangi, kausha, chora tena. Sebuleni na chumbani mara nyingi ni chokaa ama rangi iliyochoka, ile inaacha kiganja cheupe. Hapo kuosha hakusaidii, unazidi kutoa unga tu. Fagia na brashi kavu, paka praima ya kufunga ukuta, halafu rangi.

Ukuta wa rangi ya mafuta unaong'aa unataka kukwaruzwa kidogo na msasa ndio wino upate pa kushika. Lakini hapo kuna onyo. Kama unakaa kwa zile nyumba za zamani za estate ambazo zimepakwa rangi ya mafuta koti juu ya koti miaka na miaka, zile za chini kabisa zinaweza kuwa na madini ya risasi, ile sumu, na vumbi lake ni baya sana kwa watoto na kwa mama mjamzito. Usipige msasa mkavu, usichome rangi na moto. Acha huo ukuta, chora kwa ubao ama kitambaa uning'inize.

Nyumba ya udongo, wino haushiki kabisa

Niliulizwa na binamu aliyetaka kupamba simba lake, ile nyumba ya kijana, kabla ya Disemba. Jibu ni fupi: wacha makapeni. Udongo unanyonya wino, unaziba ncha, na ukiamua kupaka rangi ya mafuta kwanza utafungia unyevu ndani, msimu wa mvua ukija rangi inatoka na kipande cha ukuta.

Shangazi yangu Vihiga hajawahi kununua kalamu na ukuta wake unashinda wangu. Anachanganya udongo wa kichuguu na kinyesi cha ng'ombe kibichi, anakandika koti nyembamba ya mwisho, na kabla haijakauka anapitisha vidole vitatu pamoja kutoka kushoto kwenda kulia, akifika mwisho wa mkono anavigeuza, mawimbi yanarudi. Kisha anabingirisha gunzi la mahindi juu ya mlango na linaacha vidoti vimejipanga kama vya mashine. Jivu lililochujwa linampa kijivu cheupe cha kuzungushia dirisha.

Shida huko ni mbili tu. Ukikauka na kupasuka ovyo, udongo ulikuwa mwingi kuliko kinyesi, ongeza kinyesi ama nyasi zilizokatwa laini. Ukichora na kidole kinavuta matope yote, bado ni mbichi sana, subiri hadi usiache maji kidoleni. Ukiona sehemu ya chini ya ukuta imeliwa hadi fito zinaonekana, hiyo si kazi ya mapambo tena, itisha mtu anayejua kujenga.

Mchoro unafifia

Jua. Sababu ya pili, jua tena.

Sisi tuko kwa laini ya ikweta, inapita pale Maseno kabisa, na ukuta unaoangaliana na dirisha la mashariki ama la magharibi unapigwa vizuri kila siku. Makapeni nyingi za permanenti zinatumia wino wa daiyi, na daiyi inavunjwa na mwanga: nyekundu na pinki zinaondoka mapema, nyeusi inaanza kuwa kahawia ama zambarau. Akriliki ina pigimenti, inadumu zaidi. Kama tayari umechora kwa permanenti weka pazia, ama pitia laini zile zile na akriliki, ni kazi lakini ni kazi ya kusikiliza redio.

Kabla ya hayo yote hakikisha hakuna mtu anayesugua ukuta na jiki, ile dawa ya kung'arisha nguo, akidhani anakusaidia. Nimeona.

Rangi inavimba ama inabambuka, na mchoro unaenda nayo

Hapa weka kalamu chini, maana ukichora tena utachora mara kumi. Ukuta ni mgonjwa.

Jaribu kwanza na selotepu. Bandika kipande kwa nguvu, kisha uvute mara moja. Ikitoka na magamba makavu na nyuma yake kuna rangi nyingine inayong'aa, basi fundi alipaka rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta bila kukwaruza, kwa nyumba za kukodi hii ni kawaida kama mende. Toa yote iliyolegea na skrepa ukiwa umeilowesha (lile onyo la risasi bado liko), praima, rangi.

Kama si hivyo, tafuta maji. Chukua karatasi ya nailoni, si juala, juala zilipigwa marufuku tangu 2017, chukua ile nailoni ya kufunika godoro jipya, kata kipande cha ukubwa wa daftari, ubandike kwa ukuta na tepu pande zote nne usiache tundu, uache siku nzima, ikiwezekana mbili. Kisha uangalie matone yako wapi. Yakiwa juu ya nailoni, upande wako, ni mvuke wa nyumba. Yakiwa nyuma, upande wa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Hiki kipimo cha bure kimeokoa pesa zangu kuliko ushauri wowote.

Mvuke wa nyumba ndio wengi wetu. Bedsita moja, mnapika humo, mnaoga humo, nguo zimeanikwa humo na dirisha limefungwa sababu ya mbu, na huko Kisumu na Kakamega mvua ya alasiri haikosi ikianza msimu. Utaona madoadoa meusi kwa kona na nyuma ya kabati. Hiyo ni ukungu. Vaa glavu, fungua dirisha, jiki kipimo kimoja kwa maji vipimo vinne, paka na sponji, ngoja robo saa, suuza, kausha kabisa. Usichanganye jiki na dawa ya choo wala na kitu chochote chenye amonia, hewa inayotoka inaweza kukuangusha hapo hapo bafuni. Halafu sogeza kabati lisigusane na ukuta, na ufungue dirisha ukipika, hata nusu saa tu. Ukipaka rangi juu ya ukungu bila kuuosha utarudi.

Maji yakitoka ndani ya ukuta, angalia yameanzia wapi. Kuanzia sakafuni hadi magotini ama kiunoni, na kuna unga mweupe kama chumvi, kwa kweli ni chumvi, maji yanapanda kutoka ardhini yanabeba madini ya tofali, yakifika kwa hewa yanakauka na chumvi inabaki. Usiioshe, maji yanairudisha ndani, ifagie kavu. Ukipaka rangi ya mafuta kuizuia itavimba tu, nimeshaona ikivimba kama chapati. Fundi anatakiwa aangalie kama msingi una ile karatasi ya kuzuia unyevu, na maji ya mvua yanaenda wapi nje. Wale wako upande wa Mwariki ambako Ziwa Nakuru limepanda likaingia makwao wanajua vizuri kwamba hakuna rangi inayoshindana na maji ya chini. Huko chora kwa kitu unachoweza kubeba.

Yakianzia juu, ni bati ama mfereji wa paa. Yakiwa katikati kama ramani, uliza nyuma ya huo ukuta kuna nini, mara nyingi ni bafu la jirani. Mwambie keateka, yule msimamizi wa nyumba, piga picha na tarehe, usianze kutoboa ukuta wa mwenyewe ukitafuta bomba.

Na kama nyumba ni mpya basi pengine haina ugonjwa wowote, plasta bado mbichi. Simiti inataka kama siku 28, na kwa nyumba isiyoingia hewa zaidi. Mapema kuliko hapo ile alkali inakula rangi na wino.

Sasa mahali pa kuacha kabisa. Unyevu ukiwa karibu na soketi ama swichi, soketi ikilia kama nyuki, ama ukigusa ukuta ukahisi kamtetemeko, hiyo ni stima ya volti 240 na maji ni njia yake. Zima meni swichi, usipanguse, usifungue kifuniko ati uchore hadi ukingoni, ita fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka ya kawi. Na ufa: ule mwembamba wa nywele kwa plasta ni sawa, fila inamaliza. Lakini ufa unaoingiza sarafu, unaopanda kama ngazi kufuata tofali, ama ule uliufunga mwaka jana na umefunguka tena, usiugeuze kuwa tawi la mti, hata kama unafanana na tawi. Hapa tuko ndani ya Bonde la Ufa, ita mtu wa ujenzi aangalie.

Umepaka vanishi na kila kitu kimeharibika

Vanishi inakuja imeyeyushwa ndani ya kitu, na kikiwa kitu kile kile kinachoyeyusha wino wako basi umeosha mchoro. Wino wa permanenti ni wa spiriti, ukipitisha vanishi ya thina kwa brashi utavuta weusi ukuta mzima. Tumia vanishi ya maji. Kwa akriliki, iache ikauke siku nzima kwanza. Vyovyote, jaribu kwa zile laini tatu za nyuma ya kabati, na koti ya kwanza iwe nyepesi, usirudi rudi na brashi mahali pamoja.

Ikigeuka njano baada ya miezi, ilikuwa ya mafuta, na hiyo haina dawa ila kuanza upya ama kuipenda.

Ikiwa na nukta nukta… hii ni ya watu wa Kisumu. Dada yangu alimaliza ukuta wa veranda saa kumi na mbili jioni, akapaka vanishi, akawasha taa aone kama ameruka mahali. Wale wadudu wa ziwa walikuja kwa ile taa kama wameitwa kwa kipaza sauti, na alfajiri ukuta wake ulikuwa na nyuzi za bangili, maua, na wadudu wadogo mamia waliolala ndani ya vanishi mabawa yamenyooka. Alijaribu kuwatoa na kibano cha nyusi. Acha ikauke kabisa, piga msasa wa 400 taratibu, panguza, koti nyingine asubuhi. Alfajiri ndio wakati wa vanishi ukiwa karibu na ziwa, jioni acha taa ya veranda izimwe.

Na ukipaka ya thina, madirisha wazi na jiko limezimwa. Kichwa kikianza kuzunguka toka nje, usimalizie "kakipande kadogo".

Unahama, umepaka rangi nyeupe juu, na samaki wanarudi

Hii nimeiweka mwisho mwisho lakini ndiyo inagharimu, na niliijua kwa uchungu. Nyumba ile nilikaa mbele ya hii, nilipewa notisi ya mwezi, nikanunua kopo la rangi ya maji, nikapaka Jumamosi. Jioni ukuta mweupe. Jumapili asubuhi, macho. Yale macho madogo yalikuwa yananiangalia kupitia koti mbili, ya rangi ya zambarau hafifu. Nikapaka ya tatu, Jumatatu yakarudi. Ya nne ikanimalizia kopo. Deposit ikakatwa, na sikuwa na la kusema.

Kosa langu lilikuwa kudhani rangi ni nyembamba. La, wino wa permanenti unaamka kila mara rangi mbichi inapougusa, unapanda nayo hadi juu, kwa hivyo hata koti kumi ni kuupa ngazi kumi. Fanya hivi.

Anza kwa kutoa wino wenyewe. Spiriti kwa kitambaa cheupe, unagusa na kuinua, unageuza upande safi, usisugue duara maana utaeneza. Hautatoka wote, unataka tu upungue. Kwa ukuta wa silki ama mafuta utatoka karibu wote hata hauhitaji rangi, kwa rangi ya maji ya kawaida pengine nusu. Spiriti inawaka moto upesi, kwa hivyo si karibu na jiko, mshumaa ama sigara ya rafiki aliyekuja kusaidia.

Ukikauka, paka koti ya andakoti ya mafuta juu ya michoro yote, pitiliza ukingo kiasi cha kiganja. Hadiwea waambie unataka ya kufunga madoa, si praima ya maji. Iache usiku kucha. Asubuhi angalia kwa mwanga wa pembeni, ukiona kivuli rudia hapo tu. Baada ya hapo ndio rangi ya maji, koti mbili, umemaliza.

Kama mchoro ulikuwa wa akriliki mambo ni rahisi, haupandi, ila laini zake zina unene na zitaonekana kama makovu chini ya rangi. Msasa kidogo kwanza.

Na kabla hujachora nyumba ya kukodi kabisa, uliza mwenye nyumba, aandike hata kwa meseji. "Sawa" ya keateka si sawa ya mwenye nyumba, nimejifunza.

Ukuta wa ngazi, ule mrefu wa ghorofa, usijirekebishie kwa stuli iliyowekwa juu ya meza. Lipa fundi mwenye ngazi ya kukunja akupakie andakoti, wewe ubaki na ya chini.

Vikombe, vyungu na vitambaa

Haraka haraka. Kikombe ulichochora na permanenti kitafutika kwa sinki, si kosa lako, na usichore ndani wala mahali mdomo unagusa. Kiache kiwe cha kalamu. Chungu cha maua kisichong'aa kinabambua rangi sababu maji yanatoka kwa udongo kupitia ukuta wake, weka mmea kwa kopo la plastiki ndani ya chungu. Vitambaa vya viti na mito vinataka kalamu ya nguo, kisha pasi ya moto bila mvuke upande wa nyuma dakika chache kabla ya kufua, ukisahau pasi utakuwa na maji ya bluu na mto mweupe.

Kuna michoro mipya na si wewe uliyechora

Angalia urefu kutoka sakafuni. Ikiwa chini ya mita moja, sababu ni mtoto, na ikiwa ni mtoto wa jirani sababu ni kwamba yako iko pale inamwambia kuta zinachorwa. Kuosha: penseli za nta zinatoka na soda ya kupikia kidogo kwa kitambaa chenye maji, bairo inataka spiriti, permanenti umeshasoma hapo juu. Kuzuia: paka rangi ya ubao mweusi kutoka sakafuni hadi kifuani kwake, mpe chaki, na makapeni zako ziweke juu ya kabati. Mtoto wangu ana miaka minne na ameshagundua stuli.